Mwalimu wa Du na Meki

Bernadeta alikufa mwezi wa nane mwaka themanini na mbili, na waliokuja kumzika hawakujaza hata benchi tatu za kanisa. Padri alisema marehemu alikuwa muumini mwema na jirani mpole. La muumini sijui, mie nilikuwa Mwislamu peke yangu mle ndani, nimejikunja benchi la nyuma na baibui langu. Ila la upole padri aliongeza chumvi. Na hakusema kwamba alikuwa mwalimu, maana hakuna karatasi popote iliyosema hivyo. Karatasi zilimtaja kuwa yaya. Kwa hiyo nitaandika mimi, Chausiku, ambaye darasani niliingia nikiwa na miaka thelathini.

Alizaliwa upande wa Masasi, karibu na misheni. Alikuja Dar es Salaam na mumewe Albano, mchonga vinyago, katika miaka ya mwisho ya Mwingereza. Albano alipata habari kwamba vinyago vinauzika zaidi Mombasa, akaenda kuhakikisha. Mpaka Bernadeta anaingia kaburini alikuwa hajarudi kumwambia kama ni kweli. Bernadeta akapata kazi ya uyaya kwa Wazungu wa Oyster Bay, akilea mtoto wao wa kiume tangu ananyonya mpaka ana miaka sita.

"Kiingereza changu kina umri wa miaka sita," alikuwa akituambia. "Nilikuwa nakua pamoja na yule mtoto. Alipojifunza kuomba maji, na mie nikajua kuomba maji. Alipoanza kutukana, na mie nikatukana. Mwaka sitini na tatu wakapanda meli, Kiingereza changu kikabaki gatini, hakijui hata kunyoa ndevu."

Alihamia Temeke akapanga chumba Tandika, akawa anauza vitumbua asubuhi. Temeke ya wakati ule ilikuwa mikorosho na mchanga. Ukitembea saa saba mchana ulikuwa unaruka kutoka kivuli hadi kivuli kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Mwezi wa kumi na moja harufu ya korosho zinazochomwa ilikuwa inakaa kwenye nguo mpaka uzifue mara mbili. Tulikuwa tumepata Uhuru juzi tu, na kila mtu alikuwa na hakika kwamba kitu fulani kizuri kinamjia, ila hakijui nyumba yake iko wapi.

Nyumba yetu sisi ilikuwa karibu na kisima cha serikali. Kondo, mume wangu, alikuwa mpakiaji mizigo bandarini, baadaye akawa nyapara wa wapakiaji wenzake. Tulioana mwaka sitini na mbili, na mwaka uliofuata akajenga. Nasema akajenga kwa sababu ndivyo watu walivyokuwa wakisema: Kondo kajenga. Alinunua miti na fito, akaleta fundi wa kusimamisha, akaezeka bati. Nyumba ya vyumba sita, vitatu mkono huu na vitatu mkono huu, ukumbi katikati, uani nyuma. Kisha mifupa ikiwa imesimama, akarudi kazini kwake, na udongo ukabaki kwangu.

Kule kwetu kukandika nyumba ni kazi ya wanawake. Mchanga wa Temeke haushiki, ukiupiga kwenye fito unateremka wenyewe kabla hujageuka. Udongo mzuri ni mfinyanzi wa bondeni, kule Mtoni, na safari moja na karai kichwani ni karibu saa nzima. Unaumwaga uani, unaukanyaga na maji na nyasi zilizokatwakatwa, unaufunika na majani ya migomba siku mbili mpaka uanze kunuka. Ndipo unakandika. Ukikauka na kupasuka, unasiliba juu yake kwa kiganja. Majirani walinisaidia mwaka ule wa kwanza, tukaimba, tukapika ubwabwa. Miaka iliyofuata nilikuwa peke yangu, maana kila mwanamke alikuwa na kuta zake. Mvua ya masika haikuuliza nyumba ya nani. Kila mwaka ilipokatika mvua nilikuta fito zinanichungulia kama mbavu za mbwa, nikachukua karai nikaenda Mtoni.

Basi mwaka sabini na mbili serikali ikasema kila mtu mzima asome. Kisomo chetu kikawekwa kwenye ofisi ya tawi la chama, saa tisa alasiri, wanawake watupu maana wanaume walisema wamechoka. Ubao ulikuwa mbao tatu zilizogongelewa pamoja na kupakwa weusi wa betri za redio. Chaki ilipokosekana tuliandika kwa kipande cha muhogo mkavu, na aliyekuwa na njaa alikuwa anakitamani. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa binti mdogo aliyemaliza darasa la saba, mwenye haya, akituita mama kila baada ya neno. Bernadeta alikuwa ameshajua kusoma, alisomea misheni, lakini alikuja hata hivyo akakaa nyuma akisahihisha herufi zetu kwa ncha ya kijiti mchangani.

Siku moja binti aliumwa. Tukamwambia Bernadeta, basi tufundishe wewe, na akauliza tunataka nini. Mmoja akasema, "Tufundishe hicho Kiingereza chako cha mtoto." Tukacheka. Lakini tangu siku hiyo, kila somo la binti lilipokwisha, tulibaki nusu saa na Bernadeta.

Hakuwa na kitabu. Alikuwa na daftari la jalada la bluu alilolikusanya kwa miaka sita kule Oyster Bay, na ndani yake hakukuwa na kitu isipokuwa maneno mawili. Ukurasa wa kushoto "do", wa kulia "make". Sisi tulitamka du na meki, na watoto wa mtaani wakawa wanamwita hivyo akipita na sinia lake la vitumbua: Mwalimu Du, Mwalimu Meki.

"Mwajua kwa nini maneno haya?" alituuliza siku ya kwanza. "Yule mtoto alisema ametengeneza kazi yake ya shule, akatumia hili la kulia. Mama yake akagonga meza: 'Do!' Nikamwuliza mama, kuna tofauti gani? Kwetu yote ni kufanya. Akaniambia, 'Ndivyo tulivyo, Bernadeta.' Nikakasirika. Nikasema nitakaa humu ndani mwenu nikisikiliza mpaka niwajue mlivyo."

Akasikiliza miaka sita. Kila siku alipowasikia wakisema moja ya maneno yale aliliandika na lililoandamana nalo. Chai ni "make". Keki ni "make". Vyombo vichafu ni "do". Nywele ni "do". Akaja na sheria yake mwenyewe, na bado nasikia sauti yake akiisema, mkono mmoja kiunoni, muhogo mkononi.

"Mwisho wa kazi, tazama mezani. Pana kitu ambacho asubuhi hakikuwapo? Hiyo ni 'make'. Hakuna kitu, ila wewe umechoka? Hiyo ni 'do'."

Mwanamke mmoja aliyekaa mlangoni akasema, "Basi mie maisha yangu yote ni du." Tulicheka mpaka binti mwalimu akaja kuchungulia, na homa yake.

Sheria ile ilikuwa na matundu, na Bernadeta alituonyesha matundu yenyewe bila aibu. Kelele ni "make". Sawa, kelele zipo, unazisikia. Kosa ni "make", na kosa nalo lipo, wala haliondoki. Lakini kitanda? Wazungu wakitandika kitanda husema "make", na kitanda kilikuwapo tangu jana. Hilo lilimnyima raha. Alikuwa na majibu matatu ya kitanda, kila mwezi akishika lake. Jibu lililodumu ni hili: kitanda kilichovurugika si kitanda, ni mbao na matambara, na kila asubuhi yaya anakijenga upya.

Kisha alitufundisha kwamba "do" ana kazi ya pili. "Hapa sikilizeni vizuri," alisema. "Mzungu hawezi kuuliza kwa sauti tu kama sie. Sie tunasema: unataka chai? Tunapandisha sauti, kwisha. Yeye lazima amtangulize huyu 'do' mlangoni. Do you want tea? Hapo hafanyi kitu chochote. Ni bawabu. Anapiga hodi ili swali liingie. Na Mzungu akikataa, bawabu ndiye anayetumwa kwenda kukataa: I do not want. Na yakiwa mambo ya jana, bawabu ndiye anayeibeba hiyo jana yote mgongoni: did you want. Mwenzie 'want' amekaa vilevile kitini, hata hakunyanyuka."

"Na huyo meki hapigi hodi?" nikauliza.

"Ng'o! Huyo ni bwana mkubwa. Yeye kazi yake ya pili ni kuwatuma wengine. She made me cry. Aliniliza. Sie tumemficha ndani ya neno: lia, liza, cheka, chekesha, la, lisha. Tunageuza mkia wa neno tu. Mzungu anamleta meki mzima mzima aje asimame na kiboko."

Nilipoambiwa nitunge sentensi ya kwanza ya maisha yangu kwa lugha ile, nilisimama nikasema nimefanya nyumba, nikatumia "do".

"Umeifanya nini?" Bernadeta akaniuliza. "Umeifagia au umeijenga?"

"Vyote viwili."

"Basi kaa kwanza uamue," akasema, na wenzangu wakanicheka, nami nikacheka.

Mwishehe, katibu wa tawi, hakupendezwa. Alikuwa rafiki wa Kondo, wote ni watoto wa Temeke. Siku moja alikuja akasimama chini ya mlingoti wa bendera, akasema, "Akina mama, mnajifunza lugha ya bwana aliyekwisha ondoka?"

Bernadeta hakugeuka ubaoni. "Ameondoka, kaacha maneno, nimeyaokota. Mbona nyie mmeokota magari yake na sie hatukusema?"

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ya nusu saa zile. Niliwahi kuwa bibi arusi, niliwahi kushinda mashindano ya kusuka ukili mtaa mzima, lakini pale, na vumbi la muhogo vidoleni na jua likiingia kwenye nyufa za ofisi ya tawi, nilijiona mtu ambaye bado hajaisha.

Mwaka sabini na nne, mwezi wa pili, Kondo aliniacha. Hatukujaliwa mtoto, na mara kadhaa alikuwa amenitupia neno hilo, kisha yanapita. Siku ya Ijumaa alirudi kutoka msikitini na Mwishehe. Mwishehe alikuwa na barua. Kondo akasema, "Mwenzangu atakusomea," akatazama pembeni.

Nikaichukua mkononi mwa Mwishehe. Jina langu lilikuwa juu, Chausiku binti Mwinyimkuu, limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Barua ya kwanza maishani mwangu yenye jina langu ilikuwa talaka. Mwishehe akajikohoza aanze, nikamwambia, "Usijichoshe, kaka, nimeshafika mwisho." Barua ilisema nitoke na nguo zangu, vyombo vyangu na kitanda nilichokuja nacho. Nyumba ilikuwa ya mwandishi wa barua, kwa kuwa aliijenga kwa nguvu zake.

Alinipa mpaka Jumatatu. Nilihamia chumbani kwa Bernadeta kule Tandika, kitanda changu kikazuia mlango wake usifunguke wote. Wiki ya tatu nikasikia Kondo ameoa msichana wa Kisarawe aitwaye Zuena. Nililala kitandani siku nzima uso umeelekea ukutani. Bernadeta aliporudi na sinia tupu akaniuliza nataka nini.

"Sitaki kitu."

"Unataka nini, Chausiku? Sema kwa Kiswahili, hapana haja ya bawabu."

"Nataka nyumba yangu."

"Basi," akasema, "hilo linaulizika."

Wakati ule kulikuwa na sheria mpya ya ndoa, kwamba kabla ya mahakama watu waende kwanza baraza la usuluhishi. Baraza la kata yetu lilikaa Alhamisi asubuhi, wazee watano na karani. Mwenyekiti alikuwa Mzee Jamali, mzee mwembamba ambaye zamani alikuwa fundi wa nyumba za miti. Karani, kwa bahati yangu mbaya, alikuwa Mwishehe. Bernadeta alikuja awe shahidi wangu, amevaa gauni lake la kanisani. Wanawake wa kisomo walijipanga dirishani nje, kumi na mmoja, wakijifanya wanapita.

Mzee Jamali alitueleza kwamba wao si mahakama. "Kama hamsikilizani, tutaandika hivyo. Lakini tutakachoandika hapa, hakimu atakisoma. Kwa hiyo semeni kweli."

Kondo alisema maneno machache na yote yalikuwa ya kweli. Miti alinunua yeye. Fito yeye. Fundi alimlipa yeye. Bati yeye. Alipomaliza, Mzee Jamali akanigeukia. "Nawe, bibi, ulichangia nini?"

Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nikafungua mdomo, likatoka neno moja tu. "Nilikandika."

"Hiyo ni kazi ya mke," mzee mwingine akasema, bila ubaya, kama anayesema leo ni Alhamisi. Mwishehe alikuwa anaandika. Mzee Jamali akamwambia asome, naye akasoma: "Mke alisaidia kazi ndogo ndogo za nyumbani."

Niliyasikia maneno yale. Karai ngapi. Na lile bonde la Mtoni, jinsi shingo inavyolia ukilipanda na karai kichwani. Miaka kumi na moja imeingia kwenye mstari mmoja na bado karatasi ina nafasi. Bernadeta akasimama.

"Naomba kumwuliza Kondo swali."

"Huyu ni yaya," Kondo akasema.

"Ndiyo, nimelea watu wakubwa kuliko wewe. Kondo, nyumba uliijenga wewe. Udongo wake umechimbwa wapi?"

Kondo akatazama wazee, akatazama nje. "Udongo ni udongo tu. Hapohapo uani."

Dirishani kelele zilipanda kama kuku waliotupiwa mtama. "Uani kwako wewe!" mmoja akapiga ukelele. "Mchanga ule? Hata mende hajengi!"

Mzee Jamali alinyoosha mkono watu wanyamaze, lakini nilimwona macho yamebadilika. Alikuwa fundi, na swali limemgusa pale anapopajua. Akamwuliza mwenyewe, "Kondo, udongo ule unachanganywa na nini?"

"Na maji, mzee."

"Na nini kingine?"

"Maji tu, mzee."

"Unalala siku ngapi kabla ya kupigwa?"

Kondo akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mwenzake wa kucheka naye. "Mzee, mie kazini natoka alfajiri. Hayo mambo ya wanawake nitayajuaje?"

"Mfinyanzi wa Mtoni," nikasema. Sauti ilikuwa imerudi. "Na nyasi zilizokatwa. Siku mbili chini ya majani ya migomba, mpaka unuke. Kila mwaka, mzee, masika ikikatika. Mara kumi na moja. Upande wa magharibi mara kumi na mbili, kwa sababu mwaka sitini na nane mvua ilirudi."

"Basi wazee wangu," Bernadeta akasema, "nyumba aliyoijenga Kondo mwaka sitini na tatu iliteremka mtaroni zamani, ikaenda zake baharini. Donge moja la mwaka ule hampati ukutani. Hii iliyosimama leo nani kaijenga?"

Kondo akapandwa na hasira. "Na bati je? Bati nazo kazichimba Mtoni?"

"Bati zako chukua, baba. Ukipata hewa ya kuziwekea juu, ezeka."

Nje walishindwa kujizuia, na hata mzee mmoja alifunika mdomo kwa kofia yake. Mzee Jamali hakucheka. Alimwambia Mwishehe afute ule mstari.

Mwishehe akaufuta, akaandika, akasoma: "Mke alisaidia kukandika."

"Hakusaidia," Bernadeta akasema. "Kusaidia ni kushika upande mmoja mwenzio ameshika upande wa pili. Mwenzake alikuwa wapi? Yeye alijenga kuta. Andika alijenga."

"Mzee," Mwishehe akasema kwa utaratibu, "nikiandika hivyo, hakimu atachukulia kwamba mwanamke huyu ana haki ndani ya nyumba."

Mie nilikuwa natazama kalamu ya Mwishehe. Nilijua kabisa kwamba nyumba yangu ipo pale kwenye ncha yake, na kwamba kama itaandika lile la kwanza, mie ni mtu aliyepita tu katika nyumba ya Kondo, mpangaji aliyelipa kwa karai. Kisha Mzee Jamali akasema, "Mimi nimejenga nyumba za watu miaka arobaini. Nasimamisha miti, nachukua changu, naondoka. Sijawahi kurudi kuona nani anazishikilia zisianguke. Andika: kuta alizijenga mke, na kuzijenga upya kila mwaka."

Akaandika. Nikasogea nikaisoma mwenyewe kabla haijagongwa muhuri, na hakuna aliyenizuia.

Hakimu wa mahakama ya mwanzo alikuwa kijana mwenye haraka. Aliisoma karatasi ile mara mbili, akamwuliza Kondo kama alitia sahihi, Kondo akakubali. Akaigawa nyumba kwa ukumbi wake: vyumba vitatu vya mkono wa kushoto vyangu, vitatu vya kulia vya Kondo, choo na uani kwa wote. Kondo akasema haiwezekani watu walioachana wakae chini ya paa moja. Hakimu akamwambia basi auze upande wake, na akaita kesi nyingine.

Hakuuza. Watu huniambia nilishinda. Mtu ambaye miaka kumi na moja alikuwa na nyumba nzima na mume ndani yake, akapewa nusu na ukuta wa kusikilizia mume huyo akicheka na mwingine, simwiti mshindi. Sikumsamehe Kondo na sijapanga. Na Mwishehe naye alitulipa: wiki iliyofuata lilikuja tangazo kwamba kisomo ni cha Kiswahili tu na ofisi ifungwe somo likimalizika. Nusu saa zetu zikaisha. Bernadeta akalifunga daftari na kamba.

Nilirudi Jumamosi asubuhi, mwezi wa kumi. Kondo alikuwa kazini. Mlango wa mbele ulikuwa wazi na Zuena alikuwa anafagia ukumbi, msichana wa miaka kumi na tisa hivi, tumbo limeshaonekana. Nilikuwa nimetunga matusi njia nzima tangu Tandika, ya kumtosha yeye na mama yake. Nyuma yangu Bernadeta alikuwa amejitwika sanduku lake la bati, maana tulikubaliana achukue chumba cha kati.

Zuena akaacha kufagia, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Haikuwa dharau. Alikuwa anaogopa. Matusi yangu yote yakakosa pa kutua.

"Marahaba," nikasema.

"Nilikuwa naomba kuuliza," akasema. "Sasa nifagie mpaka wapi?"

Nikamtazama Bernadeta. Naye chini ya sanduku alikuwa anatazama ule ukumbi mrefu, kutoka mlango wa mbele hadi uani, kama anayepima kitambaa.

"Ninyi mtafagia kwenu," nikamwambia Zuena, "nami nitafagia kwangu. Mpaka ni hapo katikati, penye ule ufa wa sakafu."

Nikaingia chumba cha kwanza. Kilikuwa kitupu, kinanuka popo na moshi wa uvumba wa arusi ya watu. Nikafungua dirisha. Kule ukumbini nilisikia Bernadeta akitua sanduku na kumwuliza yule msichana kama amewahi kwenda shule, na msichana akijibu kwamba alifika darasa la pili.